Ugonjwa Nilioupenda, na Damu Iliyoganda Kichwani

Siku ya nne ya juma, mtaa wa Saio, Bunia. Mvua ilianza kabla ya saa sita na mpaka sasa haijachoka. Umeme hakuna. Simu ina chaji ya kutosha kuandika haya, na kichwa hakiumi.

Naandika tena kwa sababu naweza: kichwa hakiumi.

Nimetoka hospitali. Leo wamepiga tena picha ya kichwa changu, miezi saba baada ya zile za kwanza. Matokeo nitayasema. Lakini kwanza kuna jambo nimelikwepa kwenye blogu hii tangu niliporudi nyumbani. Niliwahi kuandika hapa kwamba niliugua ghafla. Si kweli. Sikuugua ghafla hata kidogo, na leo nina hamu ya kulitazama jambo hilo bila kuligeuzia uso.

Mimi ni fundi wa kushona. Anayenijua hapa Saio ananiita Mama Divine, kwa jina la binti yangu. Nina mashine mbili chini ya paa la bati mbele ya nyumba, na kazi yangu kubwa ni vikwembe, yaani vitenge, vya harusi, vya kwaya, vya mama wa kanisa wanaotaka kuvaa namna moja.

Miaka miwili iliyopita shingo yangu ilianza kuvimba mbele. Moyo ulikuwa unapiga kama nimepanda mlima, hata nikiwa nimekaa. Mikono ilitetemeka. Asubuhi za hapa kwetu ni za baridi, kila mtu amevaa sweta, mimi natokwa na jasho. Yaya Jeanne, dada yangu mkubwa anayeishi Mahagi na kufanya biashara ya maharagwe mpakani, alinivusha hadi Uganda. Munganga, yaani daktari wa huko, alinipima damu akasema tezi ya shingo, hii inayoleta goita, inafanya kazi kupita kiasi. Akaniandikia kinini, yaani vidonge, asubuhi na jioni, na akasema nisiache hata nikijisikia mzima. Zikiisha, Yaya Jeanne alikuwa akinunua nyingine huko huko na kunitumia kwa gari la abiria.

Nilikunywa miezi minne. Moyo ukatulia. Mikono ikatulia. Na mimi mwenyewe nikatulia, na hapo ndipo taabu ilipoanza.

Sijui kama nitaeleweka. Kabla ya dawa nilikuwa nalala masaa manne tu, naamka kabla ya jogoo, nakata, nashona, napika, nafua, na bado nina nguvu ya kugombana na mtu. Sare za kwaya nzima nilizimaliza ndani ya wiki moja. Watu walitoka Rwambuzi na mitaa mingine kuniletea kazi kwa sababu walisikia kuna mama mmoja Saio hacheleweshi. Nilipoanza dawa nikawa mtu kama watu wengine. Nikawa nalala mpaka jua linatoka. Shati nililokuwa nalimaliza kabla ya chakula cha mchana likawa linanikalisha mpaka jioni. Nilihisi kama nimefunikwa kikwembe kilicholoa maji na kuambiwa nitembee nacho.

Basi siku moja sikunywa. Kesho yake pia sikunywa. Hakuna aliyejua. Yaya Jeanne alipopiga simu kuuliza kama dawa zimefika, nilijibu zimefika, na kweli zilifika. Nilizipanga kwenye mkebe wa biskuti, juu yake nikaweka vipande vya vitambaa.

Nilipenda ugonjwa wangu.

Nimekaa nikiitazama sentensi hiyo kwa muda. Sikuwa na huzuni wala hofu wakati ule. Mbio zangu za zamani zilirudi baada ya wiki chache na nilizipokea kama mgeni niliyemngoja. Nilikonda, na watu wakanisifu. Jirani yangu alikuwa akinisimamisha njiani: "Mama Divine, weye unarudia usichana! Utuambie siri." Nikacheka. Shingo nikaifunga kitambaa, cha rangi inayofuatana na nguo, na wateja wawili wakaniomba niwashonee cha namna hiyo.

Maumivu ya kichwa yalikuja polepole. Mwanzoni nilidhani ni macho, kwa sababu ya kushona karibu na taa ndogo. Kwenye dispensari walinipima wakaona malaria, na malaria ilikuwepo kweli, nikatibiwa. Homa ikaisha, kichwa kikabaki. Kilikuwa na tabia ya ajabu: nikilala kinazidi, nikiinuka kinapungua. Nikikohoa, kinapasuka. Nikaanza kulala nimekaa, nimeegemea ukuta na mto mgongoni. Mume wangu, Papa Divine, aliniuliza mara mbili kama twende hospitali kubwa. Nilimjibu kuna harusi ya siku ya posho, Jumamosi, na gauni la bibi harusi halijawekwa hata mikono.

Ilikuwa asubuhi, shangazi wa bibi harusi amesimama mbele yangu, nampima kiuno. Mkono wangu wa kulia ukaanza kuruka. Vidole kwanza, kisha kiwiko. Nilikuwa bado nashikilia utepe wa kupimia, nao ukawa unarukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Nakumbuka vizuri kwamba sikuogopa. Niliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine, nikajiuliza: sasa huu unataka nini? Nilitaka kumwambia yule shangazi asitishike. Maneno hayakutoka. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Niliamka hospitali, ulimi nimeuuma, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama samaki. Nauambia uinuke, hauinuki. Papa Divine alikuwa ameshika miguu yangu kwa mikono miwili, sijui kwa nini miguu.

Munganga aliyenipokea ni kijana mwenye sauti ndogo, mtu wa kuuliza maswali. Nilimpenda baadaye. Siku ile nilimwona msumbufu. Alinimulika ndani ya macho kwa kitaa kidogo, muda mrefu, akasema nyuma ya macho kumevimba, maana yake ndani ya kichwa kuna kitu kinasukuma. Akasema tuna bahati, mashine ya skaneri iko hapa hapa mjini, hatutalazimika kusafiri. Kesho yake picha ya kwanza ilipigwa, isiyo na dawa. Akaona mstari mweupe pasipopaswa kuwa na mstari. Alitaka kuwa na hakika. Kwa hakika hiyo ilibidi kunichoma dawa ya rangi kwenye mshipa, ili damu ionekane inapopita na inapokwama.

Wakati huo Yaya Jeanne alikuwa ameshafika kutoka Mahagi, na vumbi la njia bado liko kwenye nyusi. Tulikuwa wanne katika kile chumba kidogo cha kungojea: mimi kwenye kitanda cha magurudumu, mume wangu, dada yangu, na munganga mwenye karatasi mkononi.

"Mama, mbele ya kukuchoma hii dawa niko na maswali," alisema. "Ulishaka kugonjwa goita? Ao ugonjwa yoyote ya tezi?"

Nikasema, "Hapana, docteur."

Sauti yangu ilikuwa nzito kwa ajili ya ulimi, lakini neno lilisikika.

"Na dawa? Kuna dawa unakunywaka kila siku?"

"Hapana."

Hilo la pili lilikuwa kweli. Nimelifikiria sana jibu lile. Siwezi kusingizia ugonjwa wala kuchanganyikiwa. Kichwa kilikuwa kinaniuma, ndiyo, lakini nilijua nilichokuwa nasema. Mume wangu alikuwa hapo pembeni. Alijua nilikuwa na kinini cha goita, hakujua nilikiacha. Niliona aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na jambo jingine dogo, baya zaidi: niliogopa watanirudishia dawa. Nimelala pale, mkono umekufa, na bado nilikuwa nazilinda mbio zangu.

Papa Divine akanitazama. Nadhani alitaka kunipa nafasi ya kujirekebisha. Yaya Jeanne hakunipa.

"Docteur, anadanganya," alisema. "Iko na goita. Miye ndiye nilimupeleka Uganda, miye ndiye namutumiaka dawa kila mwezi. Weye, toa hiyo kitambaa."

Sikukitoa. Alikitoa yeye, kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyomvua mtoto.

Munganga hakunigombeza. Aliweka mkono wake juu ya shingo yangu akaniambia nimeze mate. Akaniambia ninyooshe mkono wa kushoto, ule mzima, akalaza karatasi yake juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka mpaka tukaisikia. Akaniangalia macho tena, safari hii bila kitaa, akaangalia jinsi yalivyotokeza. Halafu akamgeukia dada yangu.

"Aksanti, Mama. Umetusaidia sana."

Kisha akanieleza, na tangu hapo hajaacha kunieleza. Ile dawa ya rangi ina ayodini, na ayodini ndiyo chakula cha tezi. Wangenichoma bila kujua, tezi yangu iliyokuwa tayari inawaka ingeweza kulipuka, na moyo usingehimili. Alisema "ingeweza", si "lazima". Ni mtu anayechagua maneno. Siku hiyo nilipewa kwanza kinini cha kuizuia tezi na kingine cha kupunguza kasi ya moyo, wakangoja, ndipo wakanichoma na kupiga picha, muuguzi ameshika mkono wangu akihesabu mapigo.

Na damu ilionekana. Yaani, haikuonekana. Mahali ambapo mshipa mkubwa ulipaswa kung'aa palikuwa peusi.

Nilimwomba anichoree. Alichora nyuma ya karatasi ya maabara, na karatasi hiyo ninayo. Damu inapanda kwenye ubongo kwa mishipa fulani, inafanya kazi yake, halafu lazima ishuke kwa mishipa mingine. Kwangu njia ya kushukia iliziba kwa damu iliyoganda. "Ni kama mitaro ya hapa Bunia wakati wa mvua," alisema. "Maji inaendelea kuja, njia imefungwa, basi inapanda kwa nyumba ya watu." Ndiyo maana nikilala kichwa kilizidi. Ndiyo maana nyuma ya macho kulivimba. Sehemu ya ubongo inayoongoza mkono wa kulia ilikuwa hiyo nyumba iliyoingiliwa na maji.

Lakini tezi iko shingoni, niliuliza, kichwani inatafuta nini?

Akasema tezi inatuma ujumbe wake kwa damu, mwili mzima. Ikituma kupita kiasi, moyo unakimbia, nyama inayeyuka, na damu nayo inakuwa rahisi kuganda kuliko kawaida, kwa sababu vile vitu vinavyoigandisha vinaongezeka. Nikamuuliza mbona wenye goita ni wengi na hawaanguki. Akasema swali ni zuri. Kwa wengi haitokei kabisa, ni jambo la nadra, na kwa nini ilitokea kwangu hajui lote. Sikutegemea munganga aseme hajui. Nilimwamini zaidi kuanzia hapo.

Matibabu yalikuwa mawili kwa pamoja, na alinieleza tena na tena mpaka nikaweza kumsomea kama katekisimu: kutibu damu peke yake haitoshi, kutibu tezi peke yake haitoshi. Walinipiga sindano tumboni mara mbili kwa siku ili damu isiendelee kuganda, na mwili wenyewe upate nafasi ya kuufungua mshipa. Kinini cha kuzuia kifafa kisirudi. Kinini cha tezi. Kisha sindano zikaachwa nikapewa kinini cha damu, ambacho kila baada ya muda lazima upimwe damu inachukua muda gani kuganda: ikiganda upesi dawa ni kidogo, ikichelewa sana utatoka damu hovyo.

Mkono ulirudi kwa vipande. Kidole gumba kwanza. Siku ya nane nilishika kijiko, nikakiangusha, nikakishika tena, na Papa Divine akatoka nje. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa mama wanaopika nyuma ya hospitali. Kuhusu kile kinini nilichoacha hakuniuliza chochote mpaka tulipofika nyumbani. Alileta ule mkebe wa biskuti, sijui aliuonaje, akauweka mezani kati yetu.

"Juu ya nini hukuniambia?"

Nilimwambia ukweli: kwamba nilikuwa najipenda vile. Akasema, "Miye nilikuwa nachoka kukuangalia."

Muda wote huo nilidhani anajivunia mbio zangu.

Kuna mambo ya kuchekesha pia. Munganga alisema sombe na lenga-lenga na majani yote ya kijani yanapingana na kile kinini cha damu, lakini akasisitiza nisiache kula: nile kiasi kile kile kila wiki, ili dawa ijipime nayo. Tangu siku hiyo mume wangu ndiye anayenipakulia sombe, kwa kijiko kimoja maalumu, kwa uso wa mtu anayepima dhahabu ya Mongbwalu. Na mimi, kwa udadisi wangu, siku moja nilijichoma kidole kusudi kwa sindano ya kushonea ili nione damu itachukua muda gani kukatika. Nilihesabu mpaka nikapotea hesabu. Nilipomweleza munganga alicheka, kisha akaacha kucheka, akanikataza kabisa.

Leo sasa.

Yaya Jeanne amekuja kwa ajili ya picha hii. Tulienda asubuhi. Safari hii munganga aliuliza maswali yale yale kabla ya dawa ya rangi, na nilijibu yote, hata ambayo hakuuliza. Tezi imetulia, vipimo vya damu vinaonyesha, kwa hiyo akasema dawa ya rangi haimtishi tena kama mara ya kwanza.

Alituita ndani, akaweka picha mbili sambamba kwenye mwanga. Ile ya zamani, pale peusi. Ile ya leo, mshipa unang'aa. Si wote: ukutani kuna kovu, pembeni pamebana kidogo. Lakini damu inashuka. Imejitafutia pia vinjia vidogo vidogo pembeni ambavyo zamani havikuwepo, na nilipoviona nikainama mpaka pua ikagusa picha. Hivyo nilivitengeneza mimi? Nikiwa nimelala? Bila hata kujua?

"Ni mwili yako imevitengeneza," alisema munganga.

Dada yangu alikuwa analia bila sauti. Nilimshika bega. Nilitaka kumwambia kitu tangu siku ile ya kitambaa, na kila mara nilikuwa nasema neno jingine. Nikamwambia tukiwa tumesimama pale, mbele ya picha: kwamba sikusahau, sikuchanganyikiwa, nilidanganya nikijua, na angenyamaza pengine nisingekuwa hapa.

"Nilijua," alisema. "Lakini na miye niko na yangu. Ulipokuja Mahagi kwa kilio ya maziko ya shangazi yetu, niliona unakonda, mikono inatetemeka. Nikakusifu. Nilisema kikwembe kinakukaa muzuri."

Tukatazamana. Sikumlaumu, na sidhani yeye ananilaumu mimi. Lakini ni vizuri kila mmoja ameweka lake wazi.

Munganga alisema kinini cha damu huenda tukakiacha mwezi ujao, maana chanzo kimeshikwa. Cha tezi, hapana. Hapo kuna njia mbili: niendelee nacho mwaka mwingine na zaidi, nikipimwa, au tezi ikatwe, halafu ninywe kinini kingine maisha yote. Akauliza ninataka ipi. Badala ya kujibu nikamuuliza swali ambalo limenikaa rohoni miezi saba.

"Docteur, ile mbio yangu ya zamani. Ilikuwa yangu, ao ilikuwa ya tezi?"

Aliweka kalamu mezani.

"Sijue, Mama. Hiyo hatuna mashine ya kuipima."

Nilichagua kuendelea na kinini. Sikuchagua kwa kuogopa kisu. Nimechagua kwa sababu nataka, angalau mara moja, kumeza dawa hii kwa hiari yangu, kila siku, bila mtu kunivua kitambaa.

Tulirudi kwa miguu, mvua haijaanza. Wanawake wawili wenye mabeseni ya ndizi kichwani walitupita wakiongea. Zamani hakuna mtu aliyenipita barabarani, nilikuwa nawaacha watu vumbini na kujisikia vizuri. Leo waliondoka mbele yetu mpaka wakageuka kona, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimewasikiliza njia yote, habari ya binti wa mmoja wao anayekataa shule, na nilitaka kujua iliishaje.

Huyu mimi anayetembea polepole simjui bado. Nimeishi naye miezi saba tu, na nusu ya muda huo nilikuwa namkasirikia. Anapenda nini? Anaweza kushona nini ambacho yule mwingine, kwa haraka yake, hakuwahi kukiona?

Nina hamu ya kumjua.